Mahali Stima Inapokwenda

Mimi ni wa swichi. Kuimba sijui.
Amugune alinikuta Kibuye nikiuza nyaya na soketi,
akaniuliza kama naweza kuzima taa kumi na nane
moja moja, polepole, kama watu wanaosinzia.
Nikamtajia bei. Ndivyo nilivyoingia kwenye opera.

Ukumbi wetu ni bohari la pamba la zamani, Kibos.
Paa la mabati, harufu ya molasi kutoka kiwandani,
nyuzi za pamba bado zimenasa kwenye misumari,
utadhani mvi.
Hadithi yenyewe aliileta Bi Sulochana,
aliyetoka Dharwad mwaka wa sabini na nne kufundisha kemia.
Akatupa chumvi, akatupa asidi. Hadithi akaibana
mpaka akastaafu, mpaka meno yakaanza kumwacha.

Ni hivi. Mke mmoja alikuwa na hadithi kifuani
na wimbo ubavuni mwake, na hakumpa mtu.
Si uchoyo. Hakuna aliyemwomba.
Usiku vikachoka kubanana, vikamtoka kinywani akilala:
hadithi ikawa viatu vya kiume mlangoni,
wimbo ukawa mwavuli ukutani, unachuruzika maji.
Mume akarudi. Viatu vya nani?
Sijui. Mwavuli wa nani?
Sijui.
Na kweli hajui.

Nerima ndiye mke. Muuguzi, mtu wa Funyula,
huja mazoezini na sare ya zamu mfukoni.
Anaimba lile "sijui" mara kumi na moja,
kila mara chini zaidi, hadi Ogwang' mwenye orutu
anashindwa kumfuata, anaweka uta, anasikiliza tu.
Mimi ngazini nazima taa moja kwa kila sijui.
Saba zinazobaki ni za hekaluni,

maana huko, anasema Bi Sulochana,
mwali ukizimwa haufi. Huenda hekaluni
kulala na wenzake, na kabla ya usingizi, umbea:
nani kapika nini, nani kalia,
viatu vile vilikuwa vya nani.
Mume atapita, atasikia.
Hiyo ndiyo sehemu yangu. Niliifanyia kazi wiki sita.

Jumamosi ya onyesho, mvua. Kumbikumbi.
Viti vya kukodi, wazee wa gurudwara safu ya mbele,
Nerima kafika "sijui" ya saba,
stima ikapotea.
Si mimi! Swichi nilikuwa nayo mkononi, plastiki tupu.
Kibos yote giza, na Mamboleo, hadi mjini.

Mtu akacheka. Mtoto akauliza: Imeenda wapi?
Nerima hakunyamaza. Nane.
Mvua juu ya mabati. Tisa.
Mabawa ya kumbikumbi yananiangukia usoni.

Ndipo nikaikumbuka koroboi ya mama, kule Ahero,
aliyoizima saa tatu ili mafuta yafike Ijumaa.
Kama nayo ilikuwa na mahali pa kwenda, ilisema nini?
Kwamba yule mwanamke alikaa kando yake miaka ishirini
akishona, akifumbua mdomo, akiufumba.
Kwamba mwanawe hakuwahi kuuliza,
Mama, una nini hapo?
Siku ya kumwosha, taya lilifungwa kwa leso.
Fundo zuri. Nililifunga mimi.

Kumi.

Ya kumi na moja sikuisikia.
Wengine wanasema hakuiimba.

Nilifika nyumbani usiku wa manane, bado giza.
Nikavua viatu mlangoni, nikavipapasa, vyangu.
Akeyo alikuwa macho.
Nikaanza vibaya: "Unajua kuna mahali stima huenda?"
"Waulize kampuni," akasema.
Kisha akasogea,
nafasi ya mtu mmoja,
nami nikakaa, nikatafuta swali.